Joka Lisilo na Mabawa

"Mapana yake?" Dina aliuliza, kizibo cha soda kikiwa kati ya vidole.

"Mapana ya nini?"

"Ya joka lako, Baba Benson. Nataka kujua magamba niyapange mistari mingapi."

Mumewe Simeoni alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, akiwatazama kuku wa jirani kama mtu anayesubiri mmoja wao aseme kitu. "Panga unavyoona," alijibu.

Dina akamtupia jicho. Siku nyingine yoyote swali kama hilo lingemwinua mzee kwenye kigoda, na joka lingepimwa kwa malori mpaka chai ipoe. Akadhani ana uvivu wa jua. Akakandamiza kizibo kwenye sukari aliyoikanda ikawa laini kama udongo wa mfinyanzi, gamba moja likatokea, kisha jingine.

Keki za Dina ziliokwa kwenye sufuria lenye mchanga, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, na Shelui nzima iliamini kwamba mtoto aliyebatizwa bila keki yake ubatizo haujamshika vizuri. Kwa hiyo Joyce, binti anayeuza dawa za mifugo kando ya barabara kuu, alipokuja mapema wiki ile, Dina hakushangaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Anaolewa nani?"

"Haolewi mtu. Ni siku ya kuzaliwa ya kaka yangu Clement."

Clement alikuwa mwalimu wa hesabu. Kila Jumamosi yeye na walimu wenzake walikutana nyuma ya duka la dada yake kucheza mchezo ambao hakuna mtu wa Shelui aliyewahi kufaulu kumweleza mwenzake. Mmoja anasimulia, wengine wanajifanya watu wa kwenye simulizi: huyu mpiga mishale, huyu mganga, huyu mwizi wa kutegemewa. Wanaingia mapangoni na kuvuka mito bila kuinuka kwenye viti. Mtu akitaka kuruka shimo, anarusha kete yenye pande ishirini. Kete ikikataa, ametumbukia. Mwanzoni watu walisema ni kamari. Walipoona hakuna anayeondoka na chochote, walisema ni wehu, wakawaacha.

"Clement ndiye msimulizi wao," Joyce alisema. "Nataka keki iwe mlima. Uwe na pango, mali imemwagika mlangoni, na juu yake limelala joka."

"Joka."

"Joka kubwa, mama. La kwenye hadithi. Nikutumie picha?"

"Kwenye simu hii ya kitochi picha itaingilia wapi? Na ya nini? Joka nalijua. Nimekaa nalo nyumba moja tangu niolewe."

Wakacheka wote wawili, kila mmoja akicheka lake. Hapo ndipo mambo yalipopotea njia, na wa kulaumiwa ni Kiswahili peke yake. Joyce aliposema joka aliona mnyama mwenye mabawa na miguu minne, anayetema moto. Dina aliposikia joka alisikia anachosikia kila mtu wa Shelui: nyoka aliyekataa kuacha kukua.

Tena alisikia nyoka mmoja maalumu. Zamani, Simeoni akiwa utingo wa lori la vitunguu, walifika mteremko wa Sekenke alfajiri wakakuta barabara imevimba. Dereva akasema wamemwaga kokoto. Simeoni akashuka kutazama, akaona kokoto zinapumua. Lilikuwa joka linavuka. Kichwa kilikuwa kimeshafika bondeni kutafuta maji, mkia bado uko mlimani, haujaambiwa kuwa safari imeanza. Wakapika ugali wakala, joka linavuka. Dereva akanyoa ndevu, joka linavuka. Wakapiga honi. Kichwa kikarudi kuona nani ana haraka: kishungi chekundu kama cha jogoo, magamba mapana kama sahani za bati. Likanusa lori. Simeoni akalikatia kitunguu kimoja, na likalia. Likalia mpaka machozi yakachimba bwawa, na ng'ombe wa Iramba wanakunywa humo hadi leo, ndiyo maana maziwa yao yana chumvi kidogo kwa mtu mwenye ulimi wa kuonja.

Hadithi iliishia hapo, bwawani. Simeoni aliisimulia harusini, misibani, kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Dina alikuwa na kazi moja tu ndani yake, kusema "mwongo huyu" mahali panapofaa.

Sasa, kwenye keki, Dina alikuwa amefika kichwani. Meno alikuwa ameshayapanga kwa mbegu za alizeti zilizomenywa.

"Kishungi nikipake nyekundu au ya machungwa?" alimchokoza.

"Kishungi cha nani?"

"Haya, umeshinda. Siku ile mlipakia nini? Viazi?"

Ulikuwa mtego. Simeoni alitakiwa kuruka na kuuliza kiazi kimemliza nani tangu dunia iumbwe. Badala yake aliwaza. Aliinua kidole, akakiangalia, akakishusha.

"Labda viazi," alisema.

Kizibo kikabaki hewani.

"Simeoni." Jina hilo tupu Dina hulitumia akiugua mmoja wao.

Mzee akamgeukia. Usoni hapakuwa na uchokozi wowote, na hilo ndilo lililomtisha Dina kuliko jibu lenyewe. "Hii habari ya joka," aliuliza kwa upole, "wewe alikusimulia nani?"

Angekuwa mtu mwingine, asiyezoeleka kwa uongo, wangeona mapema. Mwaka uliopita alitia chumvi kwenye chai akanywa yote, Dina alicheka. Alimtuma Dina apeleke salamu kwa kaka yake Elisha, waliyemzika wenyewe. Dina alisema mwongo huyu, hata makaburi huyaachi. Asubuhi moja aliuliza nyumba hii wamehamia lini. Hiyo nayo aliicheka, tena aliipeleka kisimani akawachekesha wenzake. Sasa alirudi nyuma kwa hayo yote, moja moja, na kila kicheko alikikuta kimekaa vibaya.

"Nilisikia kwa watu," alimjibu.

"Watu waongo," Simeoni alisema, akawarudia kuku wake.

Dina aliinamia kazi. Kishungi alikipaka nyekundu. Mkia aliuzungusha mlima wote mpaka ukapotea upande wa pili, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa. Mlangoni mwa pango, mahali pa mali, alimwaga vitunguu vidogo vya sukari, vyekundu, kimoja kimekatwa. Chini ya jicho la joka akadondosha asali. Alifanya kazi kama mtu anayehamisha vyombo kutoka nyumba inayovuja, hataki kuacha hata kijiko.

Jumamosi mchana Joyce alifunua kitambaa.

"Mama, huyu ni nyoka."

"Joka."

"Mabawa yake yako wapi?"

"Ya nini? Ni kuku?"

"Na hizi ndizo mali? Hii dhahabu mbona ina mizizi?"

"Vitunguu hivyo."

Joyce akaketi kwenye kigoda cha mzee. "Clement ameandaa mchezo mzima, mama. Joka linaruka, linachoma kijiji."

"Hili halijawahi kuchoma mtu. Lilikuwa linavuka barabara." Dina alisema hivyo kwa sauti iliyokatika mwishoni.

"Basi twende umweleze mwenyewe," Joyce alisema. "Mimi nitachekwa mpaka Pasaka."

Dina akavua aproni, akajifunga kitenge. Kisha akamshika Simeoni mkono, kwa kuwa tangu jana hakutaka kumwacha peke yake na mlango wazi.

Nyuma ya duka palinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Walimu walikuwa wamezunguka meza, kete na karatasi zimetapakaa. Walipoona wazee wakasimama, shikamoo zikapita moja baada ya nyingine. Joyce aliweka keki katikati, akarudi nyuma kidogo kama mtu aliyewasha fataki.

Clement aliizunguka keki yote. Aliinama kwenye kishungi. Alivitazama vitunguu.

"Mzee," alisema taratibu, "hili si lile lako la Sekenke?"

Simeoni alitabasamu.

"Nilikuwa naacha debe la mahindi kwenye foleni nije nikusikilize. Mama alinichapa kwa ajili ya hili joka." Clement akawageukia wenzake. "Ninyi wa kuja hamjalisikia. Mchezo wangu utangoja. Mzee, tupe."

Viti vikageuzwa. Simeoni akavua kofia. Watu waliokaa wakimngoja ni kitu ambacho mwili wake ulikuwa bado unakikumbuka: alisimama wima, akakohoa, akainua mkono mmoja.

"Siku hiyo," alisema.

Mkono ukabaki juu. Lori likapita barabarani kuelekea Nzega.

"Siku hiyo," alisema tena, na mwalimu mmoja kijana akatabasamu, akidhani ni ufundi. Dina aliona vidole vya mumewe vimeanza kuitafuta kofia pembeni, vinaufuata ukingo wake mzima, vinarudi. Joyce naye alikuwa ameona kitu, maana aliacha kutabasamu. Likipita lori jingine kabla mzee hajasema, jioni Shelui yote itakuwa inajua, na kuanzia hapo hakuna atakayemcheka tena. Watamhurumia.

"Kaa, Baba Benson," Dina alisema. "Leo nasimulia mimi. Wewe ulikuwa unaweka jiwe kwenye tairi, mkia hukuuona."

Clement akashangaa. "Kwani mama nawe ulikuwepo?"

"Nilikaa juu ya vitunguu."

Simeoni alimtazama kwa muda mrefu. Halafu akakaa.

Dina alianza vibaya. Alilifikisha lori Sekenke kabla ya kulitoa Singida, ikambidi alirudishe. Lakini kokoto zilipoanza kupumua sauti ilimtulia, na dereva aliponyoa ndevu, Dina alimnyoa mara mbili, maana joka lilikuwa refu na nyingine zilishaota. Walimu wakaanguka kicheko. Simeoni alicheka kuliko wote. Alimshika bega yule kijana aliyekuwa karibu naye, akamnong'oneza, "Sikiliza, sikiliza."

Kitunguu kikakatwa. Machozi yakashuka, bwawa likajaa, ng'ombe wakaja. Dina akaishia hapo na Clement akachukua kisu.

"Halafu?" Simeoni aliuliza.

"Halafu nini?"

"Lilipomaliza kulia. Lilikwenda wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuuliza hilo. Clement akakirudisha kisu mezani. Simeoni alisogeza kiti mbele, akasogeza tena, mpaka goti lake likagusa la mkewe, na macho yake yalikuwa safi kama ya mtu aliyefika leo.

"Halikwenda," Dina alisema polepole. "Lilikaa kwanza. Likatutazama."

"Sote wawili?"

"Sote wawili," alisema, akaanza kutafuta neno linalofuata.