Rangi ya Tupokigwe

Tupokigwe wa Kinyala hakuwa na koti la mvua, kioo kizima, mjomba ofisini, wala uso mweupe. Cheti cha kupiga chapa alikuwa nacho. Lakini kampuni mpya iliyonunua kiwanda cha chai ilitaka msichana wa mapokezi kwa ofisi yake ya Mbeya, na tangazo lililobandikwa Tukuyu lilisema awe na mvuto, aambatanishe picha. Barua yake ilirudi pamoja na picha. Aliyechukuliwa alikuwa mweupe. Alipoolewa, tangazo likabandikwa upya.

Biashara ilikuwa imefunguliwa miaka hiyo, na soko la Tukuyu lilijaa redio, viatu vya mitumba na mafuta ya kung'arisha ngozi. Tupokigwe alinunua kopo. Kila jioni alijipaka, akajifunika kitenge, akalala.

Asubuhi moja rangi yake iliamka kabla yake. Ilikuwa imemtoka yote, isipokuwa kwenye vifundo vya vidole, ambavyo viligoma. Mama yake, Esnath, alirudi na ndoo ya maji akaikuta jikoni ikikoka moto.

"Ugonile," akaisalimu, kwa kuwa aliyetangulia jikoni husalimiwa. Kisha akaita chumbani: "Tupokigwe! Njoo uchukue kitu chako, kimekalia kigoda changu."

"Kiache, mama. Sikihitaji."

"Na kitakula nini?"

"Kwani mimi nilikuwa nakilisha nini?"

Esnath akaimenyea ndizi.

Ngozi mpya ya Tupokigwe haikuvumilia jua, kwa hiyo rangi ndiyo iliyobeba kapu kwenda kuchuma chai. Shambani mikono ya wachumaji ilisimama juu ya majani. Rangi kutembea yenyewe halikuwa jambo la kusimamisha kazi; walichokitazama ni uzuri wake. Ilikuwa na weusi wa udongo wa Rungwe mvua inapokatika na mvuke ukaanza kupanda. Jua lilipoigusa begani, wekundu ulitokea kwa ndani, kaa la moto chini ya jivu. Mwanamke mmoja alimfungua mtoto mgongoni ili naye aione. Wazee walivua kofia.

Kwenye kibanda cha mzani, karani Jotham alisahau kusoma kilo.

"Kumbe tuna kitu kama hiki hapa kwetu?" akamwambia Esnath, aliyekuwa nyuma kwenye foleni. "Kilikuwa wapi siku zote?"

"Kwa Tupokigwe."

"Tupokigwe yupi? Yule mweusi?"

"Huyohuyo."

Jotham akatikisa kichwa, akaandika kilo.

Jioni rangi ilirudi, ikaketi mlangoni kukung'uta miguu. Tupokigwe alikuwa bado hajaitazama vizuri. Aliitazama mpaka moto ukafifia, na hakuna aliyekumbuka kuuchochea.

"Ni nzuri," akasema. "Mama, ni nzuri mno."

"Basi ivae, mwanangu."

"Tangazo halijabadilika, mama."

Esnath akainama kuuchochea moto.

Jumamosi Tupokigwe alikwenda studio amejifunika khanga mpaka machoni. Mpiga picha alifurahia uso, akaona vifundo vya vidole.

"Dada, mikono weka nyuma. Inaharibu."

Akaiweka nyuma, ile mikono iliyojua kupiga chapa.

Nyumbani alitia barua na picha katika bahasha. Midomo yake ilikuwa imepakwa rangi ya dukani, na hakutaka kuichafua karatasi. Akaikabidhi rangi yake bahasha. Ikalowesha gundi kwa ulimi, ikafunga bahasha, ikaikandamiza kwa kiganja taratibu. Nje jua lilikuwa kali. Rangi ikatoka na barua ikaelekea Tukuyu, na watu wakaipisha njia.

Posta, karani aliinuka kitini bila kujua kwa nini. Akaipokea bahasha kwa mikono miwili, akagonga muhuri, akaitia kwenye gunia la Mbeya.