Aliyelaza Majani

Kosa lilikuwa langu, na kwa kuwa nimesahihisha makosa ya watoto wa watu kwa miaka thelathini na nne, liliniuma zaidi. Mimi ndiye katibu wa Chama cha Historia hapa kijijini kwetu Ruanda. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafungua ukumbi na kualika kila mtu. Mzee mmoja anaeleza jambo la zamani, wengine wanambishia, tunakunywa chai. Mwaka juzi niliyakusanya maelezo hayo nikatoa kijitabu chenye jalada la kijani. Nilijivuna nacho, sifichi.

Ukurasa wa kumi na tisa unasema shamba la ngolo lililo kwenye mteremko wa mtoni lilianzishwa na Mzee Salvatory. Nilimwuliza mwenyewe nani alilaza majani ya kwanza pale. Akasema, "Mimi." Nikaandika, nikafunga daftari.

Kwetu Umatengo, shamba la ngolo hufanywa na watu wawili. Mwanaume anafyeka majani, na yakikauka anayalaza kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko mzima unakuwa miraba. Halafu mwanamke anaingia na jembe. Anachimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo, yanabaki mashimo ya kushika maji ya mvua na matuta ya kupanda maharage. Haya nayajua tangu utotoni. Lakini nilipozunguka na daftari langu niliwauliza wanaume peke yao, na swali lilikuwa lile lile moja.

Sasa, shamba lile amelilima Bibi Aurelia, dada yake Salvatory, miaka hamsini. Marehemu mumewe alikuwa mvuvi, Mnyasa wa Kihagara, kule ziwani. Januari hii Nicholaus, mtoto wa Salvatory, alikwenda kwa wazee wa baraza la kijiji na kijitabu changu mkononi, akadai shamba la baba yake. Bibi Aurelia akasema kaka yake aulizwe. Nicholaus akajibu kwamba kumbukumbu za mzee zimekwisha, na hapo hakusema uongo. Nilipomfuata Salvatory kwa binti yake kule Kigonsera, aliniita Emiliana, jina la marehemu mama yangu, akataka kujua kama mbuzi wamerudi. Wazee wakapanga kuamua Jumanne ya kwanza ya Aprili. Wakikosa neno jingine, watafuata kilichoandikwa.

Bibi Aurelia hakuja kunigombeza, na hilo lilinitesa kuliko matusi. Tukikutana kanisani aliitikia shikamoo yangu, akapita.

Basi nikatangaza kwamba programu ya Machi itakuwa ya ngolo, na haitakuwa ya maneno. Nyuma ya ukumbi kuna kipande cha mteremko. Tukakifyeka wiki moja kabla. Nikaomba Mzee Salvatory aletwe kutuonyesha. Niliwaza kwamba mikono yake ikishika majani, labda kichwa kitafuata. Sikuwa na mpango mwingine.

Watu walijaa. Wengine walipanda kutoka ziwani, kwa ajili ya Bibi Aurelia. Wazee wa baraza walikaa kwenye mabenchi tuliyotoa ukumbini, na mwenyekiti wao, Mzee Protasi, akiwa mbele. Nicholaus alisimama pembeni, shati limepigwa pasi, kijitabu amekikunja mkononi.

Salvatory akashushwa kwenye gari. "Emiliana," akanisalimu. Nikaona nimeshindwa.

Lakini alipofikishwa kwenye majani, aliinama bila kuambiwa. Akachota, akalaza, akarudi nyuma kuutazama mstari wake kwa jicho moja. Kisha akamwona Nicholaus.

"Wewe, umesimama tu? Shika mwisho ule. Nyoosha."

Nicholaus akatia kijitabu mfukoni akashika. Baba na mtoto wakalaza miraba kumi na miwili, na sikuwahi kuona iliyonyooka namna ile. Nikawaita akina mama wawili wa kwaya waingie na majembe. Salvatory akainua mkono.

"Subirini. Hamwanzi ninyi. Anaanza mwenye shamba. Aurelia yuko wapi?"

Hapo nikaelewa kwamba mzee hakuwa nyuma ya ukumbi. Alikuwa kwenye mteremko wa mtoni, miaka hamsini iliyopita. Nikamwuliza swali nililopaswa kumwuliza mwaka juzi.

"Mzee, majani haya unamlazia nani?"

Alinitazama kama mimi nilivyokuwa nikiwatazama wanafunzi wazito.

"Namlazia dada yangu. Shemeji ni mtu wa ziwani, kazi ya majani haijui. Ametuletea samaki, usipa, yule pale juu anatutazama. Shamba ni la Aurelia. Mimi nalaza tu."

Bibi Aurelia aligeuka kutazama kule juu alikoonyesha kaka yake. Hapakuwa na mtu, lakini alitazama kwa muda.

"Tumesikia," alisema Mzee Protasi. "Jumanne tutaliandika."

Nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Nikacheka peke yangu, machozi yakinitoka, na sikuona aibu.

Nicholaus alikuja mbele ya shangazi yake. "Nisamehe, Shangazi. Niliamini kitabu."

"Baba yako alikuwa hai," alisema Bibi Aurelia. "Na mimi pia."

Kisha akachukua jembe kwa mama mmoja wa kwaya, akachimba shimo la kwanza kwa mapigo machache. Alipomaliza akanijia, akaninyooshea mpini.

"Bibi, mimi sijawahi kuchimba ngolo," nikasema.

"Najua. Ndiyo maana hukuuliza."

Nikaingia kwenye mraba. Shimo langu lilipinda, tuta likamomonyoka, watu wa ziwani na wa milimani wakacheka pamoja. Salvatory alisogea akachungulia.

"Emiliana," akasema kwa upole, "leo umechoka?"

Mama yangu alichimba ngolo maisha yake yote, na maharage yake ndiyo yaliyonisomesha. Jina lake halimo kwenye kijitabu changu. Nikamjibu mzee kwamba ndiyo, nimechoka kidogo, nikaendelea kuchimba.