Tangazo la Ndoa ya Mgane

Katika kanisa letu la Methodisti, matangazo ya juma husomwa baada ya wimbo wa pili, kabla ya mahubiri. Miaka mingi yalisomwa na mama mmoja fundi cherehani. Watu wote walimwita Mama Matangazo, hata wateja wake wasiojua mlango wa kanisa. Sauti yake ilifika viti vya nyuma bila kulazimishwa, na alikuwa akitua kila baada ya jambo moja ili wazee walikamate vizuri. Kulikuwa na utani kwamba wapo wanaokuja kusikiliza matangazo tu, mahubiri wanayalalia.

Aliyeshughulika na kipaza sauti alikuwa mkwewe, fundi umeme, ambaye alikuwa amemwoa binti yake wa pekee. Binti huyo aliugua kwa muda mfupi, akafariki, akaacha mtoto wa kike aliyekuwa bado ananyonya. Kazi za fundi umeme zilikuwa za kusafiri na kulala huko huko, kwa hiyo bibi alimchukua mjukuu. Mtoto alikuwa na alama nyeusi shavuni, tukamzoea kwa jina la Kidoti. Wakati wa mambo haya alikuwa ameshaanza shule, ameng'oka meno mawili ya mbele, na hakuwahi kulala nyumba nyingine isipokuwa ya bibi yake.

Baba hakumtelekeza mwanawe. Kila alipokuwa mjini alipitia pale akitoka kazini, akiwa bado na vumbi la kuta nyweleni, akakaa na mtoto mpaka asinzie. Siku moja alikuja na wazee wawili. Aliongea akitazama sakafu. Alimwambia mkwewe kwamba anataka kuoa, na kwamba mchumba ni yule dada mwoka mikate anayekaa safu ya nne kanisani.

"Sawa, mwanangu," Mama Matangazo alijibu. "Wewe bado kijana. Ni haki yako."

Aliwapa chai, akawasindikiza hadi barabarani, akarudi kwenye cherehani yake. Alinieleza baadaye, maana mimi na yeye tuliimba sauti moja kwenye kwaya, kwamba siku hiyo alishona mkono wa kushoto wa gauni la mteja mahali pa mkono wa kulia, ikabidi afumue kazi yote.

Basi, Jumapili moja mchungaji alimkabidhi karatasi ya matangazo mlangoni mwa ofisi kama kawaida. Mchungaji huyo alikuwa mgeni kwetu, amehamishwa kutoka kituo kingine miezi michache tu nyuma, na alikuwa bado anachanganya nani ni shangazi wa nani. Mama alipanda mbele, akavaa miwani, akaanza.

Jumanne, madarasa yatakutana majumbani kama ilivyopangwa. Jumatano, Umoja wa Wanawake watamtembelea mgonjwa wa nyonga, na wanaombwa wasikae sana kwa sababu Jumatano iliyopita mgonjwa ndiye aliyewaaga. Watu walicheka kidogo. Alhamisi, mazoezi ya kwaya, na mwalimu wa kwaya naye anaombwa kufika mapema. Jumamosi, usafi wa kanisa. Kila mtu aje na ndoo yake. Mwisho wa mwezi kutakuwa na ibada ya agano, ile ambayo sote husimama na kujikabidhi upya kwa Mungu, na mwangalizi wa makanisa ya eneo letu atakuja kuiongoza.

Kisha alinyamaza. Tulimwona akisogeza karatasi karibu na macho, halafu mbali. Akaikunja mara moja, akaikunja tena.

"Huo ndio mwisho wa matangazo," alisema, akashuka.

Sisi wengi hatukuelewa. Mwoka mikate alielewa, kwa sababu alikuwa amekuja na mama yake mzazi na dada zake wawili, wamevaa vizuri, wakingoja kusikia jina lake. Kanisa letu halifungishi ndoa mpaka itangazwe Jumapili tatu mbele ya watu. Fundi umeme, kule pembeni kwenye vyombo vyake, aliinama akawa anazungusha swichi ambayo haikuhitaji kuzungushwa.

Baada ya ibada mchungaji alimfuata Mama Matangazo chini ya ngazi. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameshamnong'oneza habari yenyewe.

"Mama, nisamehe," alisema. "Sikujua kwamba bwana harusi ni mkweo. Ningejua nisingekupa wewe."

"Usijali, Mchungaji."

"Wiki ijayo nitampa mtu mwingine asome."

Mama alifikiri. "Usimpe mtu kwanza," alisema. "Nipe hizi siku za katikati."

Jumanne ilikuwa zamu ya darasa letu kukutana nyumbani kwake. Darasa kwetu ni watu wachache wa mtaa mmoja wanaoketi pamoja kila juma, wanasali, na kiongozi anamwuliza kila mmoja hali ya roho yake. Tulikaa kati ya vitambaa vilivyokunjwa na magauni yanayongoja vifungo. Kidoti alikuwa chumbani akifanya kazi ya shule, tukimsikia akihesabu kwa sauti. Kiongozi wetu alikuwa mzee posta, mtu aliyepeleka barua maisha yake yote, mwenye tabia ya kuuliza swali na kulisubiri jibu bila kukohoa wala kusaidia.

Wengi wetu tuna jibu moja. Namshukuru Mungu, tunasema, na zamu inapita. Mama Matangazo naye jibu lake lilikuwa hilohilo siku zote. Jioni ile alipoulizwa, alikaa akilaza pindo la kitambaa kwa kidole gumba.

"Roho yangu si nzuri," alisema hatimaye. "Jumapili niliwadanganya. Matangazo hayakuwa yamekwisha. Lilibaki tangazo la ndoa ya mkwe wangu, nikalimeza."

Mzee posta alingoja.

"Mtadhani ni uchungu wa binti yangu. Uchungu huo upo, nimeuzoea, tunaishi wote. Si huo." Alipunguza sauti na kuelekeza kidevu chumbani. "Wakishafunga ndoa watakuwa na nyumba yenye baba na mama. Nitasema nini mimi? Nitamzuia kwa lipi? Nikilisoma lile tangazo, nimemtoa huyu kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Wameshakuambia watamchukua?" mzee posta aliuliza.

"Hawajaniambia."

"Wewe umeuliza?"

"Naogopa kuuliza."

Mzee posta aliitikia kwa kichwa, hakumpa ushauri wowote. Tuliomba. Nilipokuwa nafunga viatu mlangoni, nilisikia kwamba kule chumbani kuhesabu kumekoma, na sijui kumekoma tangu saa ngapi.

Siku zile za katikati zilipita. Jumatano tulikwenda kwa mgonjwa wa nyonga, Mama akamrekebishia mto na kukaa muda mfupi kama alivyotangaza. Alhamisi aliimba nasi, ila kila tulipofika mahali pa kupandisha sauti alifungua mdomo tu. Jumamosi alikuja kwenye usafi na ndoo yake na matambara, akachagua madirisha ya upande wa barabara, mbali na wengine.

Mwoka mikate alikuja amechelewa, akiwa bado na unga kwenye vishikizo vya blauzi. Alitusalimu, akachukua ngazi fupi, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha lililofuata.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Waliosha kila mmoja kioo chake. Mimi nilikuwa napiga deki kati ya viti, na sitasema kwamba sikusikiliza.

"Mama yangu amekasirika," mwoka mikate alisema. "Anasema umetudharau mbele ya watu."

"Ana haki ya kukasirika. Mwambie nitakuja kumwomba radhi."

"Mimi sikukasirika. Nilijua ungeona vigumu. Nilimwambia mwenzangu aje akuulize kwanza kama utaweza kusoma, akasema Mama hana neno, Mama ni wa chuma."

Mama Matangazo alikamua tambara lake taratibu. "Hivyo ndivyo anavyosema?"

"Ndivyo wanaume wanavyosema kama hawataki kuuliza."

Hapo Mama alicheka kidogo bila kupenda. Kisha akashuka sakafuni kutoka kwenye kiti alichosimamia, akamtazama yule dada kutoka chini.

"Mtamchukua Kidoti?"

Mwoka mikate naye alishuka. Alijifuta mikono kwenye sketi muda mrefu.

"Mimi sijaomba tumchukue, Mama, na baba yake hajathubutu kusema. Kidoti mwenyewe ndiye anayeomba. Kila akija na baba yake pale dukani anauliza kitanda chake kitakuwa upande gani. Nilimwambia akuambie wewe kwanza. Amekataa. Anasema akikuambia, utalia."

Mama alichukua ndoo yake, akaenda kumwaga maji machafu nje, na alikaa huko muda mrefu kuliko inavyohitaji ndoo moja.

Aliporudi nyumbani alimkuta Kidoti ameketi juu ya rundo la vitambaa, mahali alipokatazwa. Hakumgombeza. Alikaa karibu naye.

"Mjukuu wangu, unataka kwenda kukaa na baba?"

Mtoto alimtazama kama anayepima. "Umekasirika?"

"Sijakasirika. Nauliza tu."

"Nataka," Kidoti alisema. "Wenzangu wote wanakaa na baba zao. Lakini siyo kila siku nakutaka wewe usiwepo." Alisikia kwamba maneno yamegongana, akajaribu tena. "Nataka wote."

Mama aliniambia kwamba alijikaza kisabuni, asitoe chozi mbele ya mtoto, na kwamba kujikaza kulimsaidia kwa muda wa kupika uji. Uji ulipoiva, alilia juu ya sufuria, na Kidoti akaja kumshika kiuno kwa nyuma.

Jumapili ilipofika, mchungaji alisimama mlangoni mwa ofisi akiwa na karatasi mkononi, hajui ampe nani. Mama Matangazo alinyoosha mkono, akaipokea.

Alisoma yote kwa utaratibu wake. Madarasa, Umoja wa Wanawake, kwaya, ibada ya agano. Alifika mwisho na kutua. Fundi umeme alikuwa amesimama wima kule pembeni, mikono imekaa mbali na vyombo.

"Kuna tangazo la ndoa," Mama alisema. "Lilipaswa kusomwa Jumapili iliyopita. Halikusomwa kwa kosa langu, na ninaomba radhi kwa familia zote mbili. Leo ni mara ya kwanza."

Alitaja jina la mkwewe, na jina la baba yake. Baada ya majina, karatasi inapotaka kusema hali ya mtu, kuna neno moja tu la mwanamume aliyefiwa na mke. Kwetu sisi lilikuwa neno la karatasi. Kwake neno lile lilikuwa binti yake.

"Mgane," alisoma, na sauti haikuanguka. Alitua pale kwa muda ambao hakuwahi kutua katika tangazo lolote. Kisha akataja jina la mwoka mikate, na jina la baba yake, na kwamba hajaolewa bado.

"Mwenye kujua sababu ya kuzuia ndoa hii, na aiseme."

Kawaida huwa anaendelea mara moja. Siku ile aliinua macho, akangoja. Tulimwangalia yeye, sote, kwa maana kama kulikuwa na mtu wa kusema lolote, alikuwa ni yule aliyeshika karatasi. Mama mzazi wa mwoka mikate alikuwa ameshikilia kiti cha mbele yake. Nje kulipita baiskeli yenye kengele.

"Hakuna," Mama Matangazo alisema, na akavua miwani.

Alisoma mara ya pili na ya tatu. Ndoa ilichelewa kwa juma moja tu kwa sababu yake, ikafungwa siku moja kabla ya mwangalizi kufika, na viti vilikuwa vimeshapambwa kwa ajili ya shughuli zote mbili. Alihudhuria ibada yenyewe, akaimba nasi, na sherehe ilipoanza aliaga akisema miguu inamsumbua. Hakuna aliyemlazimisha. Kesho yake, katika ibada ya agano, nilisimama ubavuni pake tulipofika mahali pa kusema kwamba tunayaweka yote tuliyo nayo mikononi mwa Mungu. Alichelewa kuanza. Tulikuwa katikati ya sentensi aliposhika maneno, akayasema polepole, nyuma yetu, hadi mwisho, peke yake.

Baadaye kidogo alimpeleka Kidoti mwenyewe. Walikuwa wameelewana: siku za shule kwa baba, mwisho wa juma kwa bibi. Mkwewe alitaka kuja kubeba mizigo. Mama alimkatalia, akamwambia aende kazini. Alibeba begi, mtoto akabeba mto wake, wakatembea hadi ile nyumba nyuma ya duka la mikate. Kidoti alikimbilia ndani kukiona kitanda, na wanawake wawili wakabaki mlangoni, joto la tanuri likiwapiga miguuni.

"Mvua ikinyesha anakohoa," Mama alisema. "Si ugonjwa, ni baridi ya miguu. Mvalishe soksi."

"Ndiyo, Mama."

"Atakuambia amepiga mswaki. Mnuse mdomo."

"Sawa."

"Akiota ndoto mbaya usimwashie taa. Mshike mkono tu, usingizi utarudi wenyewe. Mama yake alikuwa hivyo hivyo."

Alikuwa hajawahi kumtaja binti yake mbele ya dada huyu. Mwoka mikate aliteremsha macho, kisha akayainua.

"Kuna kingine, Mama, cha kujua?"

Mama Matangazo alisikia kule ndani mtoto akiruka juu ya godoro jipya na kucheka peke yake. Aliliweka begi chini.

"Kuna mengi," alisema. "Nitakuwa nakuambia kidogo kidogo."