Kilio cha Annick Chafika Kampala

Jumanne saa nne asubuhi, Firdaus alikuwa akimtafsiria Annick maswali katika ofisi ya wakimbizi iliyo juu ya karakana za Katwe. Annick, mwanamke wa Beni, mashariki mwa Kongo, alikuwa akiomba kibali cha kubaki. Alisimulia bila kupandisha sauti: watu wenye bunduki waliingia kijijini, yeye akajificha shambani, wakamuua mwanawe Guerschom hatua kumi mbele yake. Ofisa Oola akauliza kama alipiga kelele. Annick akasema hapana. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

Hapo mlango ukafunguka, kilio kikaingia. Kilikuwa kimejaa vumbi la safari, na sauti yake ilikuwa ya Annick, ila ya miaka minne iliyopita. Kikasimama karibu na kabati la mafaili, kikaendelea kulia.

“Ni kilio yangu,” Annick alisema. “Niliiacha mu shamba ya maharagi. Imekuja kwa miguu.”

Oola alingoja kipungue. Hakikupungua. Akafunga dirisha ili mafundi wa chini wasisumbuliwe, kisha akamwomba Firdaus neno la Kiingereza la kuandika kwenye fomu. Firdaus akayapima aliyoyajua. Scream ni la mtu aliyeshtuka, groan la mgonjwa kitandani, wail la waombolezaji. Moan lilikuwa dogo mno. Akamwambia kwamba yote manne yamo, na bado kuna kitu kimebaki nje.

“Neno moja, dada. Nafasi ni ndogo.”

Oola mwenyewe akaandika noise, yaani kelele, na kwamba ilitoka barabarani.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Ombi lilikataliwa: mama anayeona mwanawe akiuawa hulia, na mwombaji amekiri kwamba hakulia. Firdaus alimsomea Annick kwenye benchi la nje ya ofisi, neno kwa neno, kama alivyofunzwa. Ilimbidi apaze sauti, kwa kuwa kilio kilikuwa kimeketi kati yao. Alijisikiliza akitafsiri, asihisi kitu.

Annick akauliza amebakiwa na siku ngapi za kukata rufaa.

“Thelathini,” Firdaus alisema.

Annick akaikunja barua, akakishika kilio mkono, wakashuka. Waliokuwa wakipanda ngazi wakajibana ukutani kuwapisha. Firdaus akaita jina lililofuata.