Jemadari Bila Chuma

Sumaku ya mlango wa friji ilinidanganya, na mimi mtu mzima nikakubali kudanganywa nayo. Nilikuwa nimempitisha nayo Jemadari, roboti wangu wa kuchezea, mwili mzima, kuanzia utosini hadi kwenye soli za viatu, na kila ilipong'ang'ania nilitoa kitu: skrubu za mgongoni, springi ya mkono unaorusha ngumi, pini za magoti. Ilipoacha kung'ang'ania nikajiambia kazi imekwisha. Kisha tukafika hospitali, mtaalamu wa picha akapitisha juu yake kifaa cha kupekulia, kile kile cha walinzi wa milangoni, na kifaa kikalia kifuani, kikalia miguuni, kikalia begani.

"Mzee, huyu bado ni chuma kitupu," akasema yule mama, kwa upole.

"Sumaku haimshiki hata kidogo. Nimempima mwenyewe."

"Sumaku inashika chuma chenyewe na ndugu zake wachache. Zinki haishiki. Alumini haishiki, shaba haishiki. Lakini zikiingia kwenye hii mashine zinaharibu picha, na nyingine zinaweza kupata moto. Na mtoto atakuwa amemkumbatia."

Mimi ni fundi cherehani, si wa kushona bali wa kuzitengeneza zikiharibika, na vyuma nimevishika maisha yangu yote. Nilijua vizuri tu kwamba roboti za zamani kama yeye, hizi tunazokusanya, zilitengenezwa kwa zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Hofu ilikuwa imenivuruga akili. Mtaalamu akatupa nafasi nyingine, kesho yake mchana, akasema ndiyo ya mwisho kwa mwezi huo.

Niseme shida yenyewe ilikuwa nini. Binti wa dada yangu alikuwa na kitu kichwani. Jicho lake la kushoto lilianza kwenda upande, akawa anajigonga kwenye fremu za milango, kisha akawa anatapika asubuhi kabla hajala chochote. Walipomwingiza kwenye mashine ya sumaku mara ya kwanza alipiga mayowe na kujirusha, picha ikatoka ina ukungu mtupu. Daktari wa upasuaji aliitazama, akasema kitu anakiona ila haoni mpaka wake. Kama kina mpaka, atakikata. Kama hakina, hakuna kisu kitakachosaidia. Dawa ya usingizi ilishindikana, maana ana pumu, na daktari wa usingizi alisikiliza kile kifua akakataa katakata. Kilichobaki ni mtoto atulie mwenyewe, akiwa macho, ndani ya bomba linalogonga utadhani linabomolewa.

Tulikuwa tunamwita Inspekta kwa ajili ya maswali yake, na Inspekta akatoa sharti. Atatulia kama ataingia na Jemadari. Mama yake alimletea dubu wa manyoya, akamletea na mwanasesere wa kitambaa. Akavikataa vyote.

"Hawa wanaogopa kelele," alisema. "Jemadari haogopi."

Hapo nikajua nimepatikana. Jemadari ndiye aliyekuwa roho ya kabati langu la vioo. Sina mke, sina mtoto, nina roboti, na dada yangu alikwisha kusema yote yanayoweza kusemwa kuhusu hilo. Inspekta aliruhusiwa kumtazama kupitia kioo tu, mikono nyuma. Sasa aliona upenyo, na ugonjwa wake wote ule, akaupita. Ningecheka kama ningekuwa na kicheko.

Basi tukarudi nyumbani kwangu mchana ule, mimi na yeye, na Jemadari magoti yamelegea. Baba yake yupo mbali, na umbali wake si wa kilomita. Mama yake alikwenda kazini kuomba ruhusa nyingine kwa bosi aliyekwisha kumwambia zimetosha. Nikatandika taulo mezani, nikaweka sahani mbili, moja ya kuwekea chuma na nyingine ya kuwekea plastiki, nikamkalisha Inspekta juu ya mto ili afikie.

"Tutajuaje?" akauliza.

"Kwa mdomo. Usiume, gusisha tu mdomo wa juu. Chuma kina baridi. Plastiki haina habari na wewe."

"Na kikiwa cha moto?"

"Ndiyo maana hatukishiki mkononi muda mrefu. Ukikikumbatia kinachukua joto lako, halafu kinakudanganya."

Akanitazama kwa lile jicho lililokuwa bado linamtii. "Mjomba, wewe kila kitu kinakudanganya. Jana friji, leo hiki."

Tulianza na upanga. Niliutupa moja kwa moja kwenye sahani ya chuma bila kuupima, maana upanga ule ulikuwa unang'aa kuliko vijiko vyangu. Inspekta akautoa, akaugusisha mdomo, akatikisa kichwa. Nikaugonga kwenye jino langu, nikitarajia mlio mkali. Ulitoa sauti butu. Ilikuwa plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, na miaka yote ile nimewatambia wageni kwa upanga huo, nikiwaambia hicho ni chuma, waguse waone.

Miguu ilinigeuka vilevile, kwa upande wa pili. Buti za bluu, zenye rangi nzito ya kuteleza, ningeapa ni plastiki. Zilikuwa baridi. Nikakwangua rangi chini ya unyayo kwa ncha ya bisibisi, kijivu cha zinki kikatokea. Sisi tunaokusanya vitu hivi, mtu akikwangua rangi kwa makusudi tunamhesabu amekufa. Nilikwangua bila kusita, nikahamia buti la pili.

Kifua kilimsumbua Inspekta. Alikigusisha mdomo, akakipima uzito kwenye kiganja, akarudia.

"Hakina baridi, lakini ni kizito," akasema. "Huyu anaficha kitu."

Nikakifungua. Ndani ya ganda la plastiki kiwanda kilikuwa kimebandika donge la zinki lisilo na kazi yoyote, la kumpa uzito tu, ili mnunuzi akimnyanyua ajione amenunua kitu cha maana. Mimi ndiye niliyekuwa mnunuzi huyo. Nililitoa nikaliweka kwenye sahani ya chuma, na Inspekta, kwa heshima yangu, akajifanya anaangalia upanga.

Katikati ya kazi akatapika. Hakulia. Aliteremka kitini, akainamia ndoo ambayo siku hizo ilimfuata kila chumba, akamaliza, akajifuta kwa pindo la taulo, akapanda tena.

"Tuendelee na bega," akasema.

Nilitamani kuvunja kitu, na bahati mbaya cha kuvunja kilikuwa mkononi mwangu tayari. Bega la kulia lilikuwa na pini ya shaba iliyozamishwa kwenye plastiki tangu kiwandani. Haikutoka kwa bisibisi wala kwa koleo. Nikachukua msumeno mdogo nikaukata mkono wote. Mapaja nayo yalikuwa hivyo hivyo. Nikayakata. Niliona vumbi la plastiki likimwagika kwenye taulo, na sikumwonea huruma Jemadari hata kidogo. Nilijionea huruma mimi, kwamba kwa ugonjwa wa mtoto kazi yote ninayoweza kuifanya ni hii.

Dada yangu akarudi jua likielekea kushuka. Alisimama mlangoni na mkoba begani, akaangalia meza.

"Kaka, umemfanya nini Jemadari?"

"Nimemtoa chuma."

Akaja akaketi. Akachukua upanga. "Hata huu?"

"Huo plastiki. Huo anabaki nao."

"Plastiki," akasema. "Miaka yote unatunyanyasa na kijiko cha plastiki."

Akacheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kilio. Alilia akiwa amegeuza uso upande wa jikoni ili mtoto asimwone, ingawa mtoto alikuwa amelaza kichwa mezani, amefumba macho, amechoka kupita kiasi.

"Bosi kasema nini?" nikamuuliza.

"Achana na bosi." Akashusha sauti. "Picha ikitoka vizuri, watamkata. Daktari alisema kikiwa na mpaka. Na kina mpaka, si ndiyo? Kila kitu si kina mpaka wake?"

"Kina," nikasema.

Sikuwa na tumaini hata chembe. Nilikuwa nimemwona mtoto akiinamia ile ndoo, nimeona na jinsi alivyoanza kuushika ukuta akitembea. Lakini nilisema kina, kwa sauti ya fundi anayemwambia mteja cherehani yake itapona.

Jemadari aliyebaki alikuwa kichwa, ganda la kifua na mkono mmoja wenye upanga. Nilimuunganisha kwa gundi na uzi wa kushonea, nikamkabidhi kwa Inspekta alipoamka. Alimgeuza huku na huku.

"Amekonda," akasema.

"Amekonda, lakini ni yeye."

"Atatulia?"

"Hana tena cha kumtikisa."

Akaridhika. Akalala naye njia nzima kwenye teksi ya kumrudisha kwao, na mimi nikabaki na sahani ya chuma, imejaa, ambayo sikujua niipeleke wapi.

Kesho yake mtaalamu wa picha alipitisha kifaa chake kichwani kwa Jemadari. Kimya. Kifuani, kimya. Alipofika kwenye upanga alinitupia jicho, nikamwambia huo ni plastiki, mama, nakula kiapo. Kimya. Dada yangu alimtoa mtoto hereni, akamfungua kibanio cha nywele, akambusu kwenye paji la uso. Inspekta akalazwa kwenye kitanda chembamba, Jemadari kifuani, wakasukumwa ndani pamoja.

Tukasimama nyuma ya dirisha. Mashine ikaanza kugonga, ikanguruma, ikanyamaza, ikagonga upya kwa mdundo mwingine. Kilichoonekana kwetu ni miguu yake tu, soksi za njano, vidole vikielekea juu. Mimi sikuondoa macho hapo. Nilikuwa nasubiri mtikisiko wa kwanza, mayowe, kila kitu kiharibike kama mara ya kwanza. Dada yangu alikuwa amenishika mkono juu ya kiwiko, na kucha zake zilikuwa zimeniingia. Soksi hazikusogea.

Walipomtoa, mtaalamu alikuwa anatabasamu kabisa.

"Mama, una shujaa. Watu wazima hawatulii hivi. Picha zimetoka safi sana."

Tulifurahi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, tulifurahi bila akili. Dada yangu alinikumbatia pale kwenye korido, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tulipomzika mama yetu. Inspekta alidai soda, akaletewa soda. Alitusimulia kwamba Jemadari aliogopa kidogo mwanzoni ila alimwambia asimwaibishe. Dada yangu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alikuwa anasema picha safi, picha safi, na mimi nikawa naitikia, nikaanza hata kuamini.

Daktari wa upasuaji alituita mchana ule ule. Muuguzi alibaki na Inspekta kwenye benchi nje. Chumba kilikuwa kidogo, kina viti viwili, na skrini iliyogeuzwa kutuelekea sisi. Daktari alikuwa mtu mzima mwenye kuongea taratibu, na alipoanza kwa kumsifu mtoto nilijua.

"Mara ya kwanza nilisema sioni mpaka, na niliwaambia huenda ni ukungu wa picha," akasema. "Sasa hakuna ukungu. Tazameni hapa." Kidole chake kikazunguka sehemu ambayo mimi niliiona ya kijivu tu, kijivu ndani ya kijivu. "Hili ni shina la ubongo. Hapa ndipo kupumua kunapotoka, kumeza, mapigo ya moyo. Na hiki ndicho kitu chenyewe. Hakikukaa kando yake, kimeingia ndani yake. Hakuna mahali naweza kuweka kisu nikasema hiki nakitoa, hiki nakiacha."

"Na dawa?" nikauliza.

"Zipo za kumpunguzia maumivu. Zipo za kumpa muda kidogo, pengine. Za kumponya, sina. Ningekuwa nazo ningewaambia."

Dada yangu hakulia. Alishikilia mkoba mapajani kwa mikono miwili. Kisha akasogeza kiti mbele, akaongea kwa sauti ya chini, ya mtu anayeomba radhi kwa kusumbua.

"Daktari, labda alitikisika kidogo. Bado mtoto. Tumpige nyingine."

Daktari akaigeukia picha, ingawa hakuwa na haja ya kuitazama tena.

"Hakutikisika, mama. Alitulia kabisa. Ndiyo maana naweza kusema kwa uhakika."

Dada yangu akanigeukia mimi. Uso wake ulikuwa mtulivu, na huo utulivu ndio ulionimaliza.

"Kaka, wewe ulikuwa dirishani. Hukutoa macho. Mwambie alitikisika."

Daktari akanitazama. Nje kwenye benchi Inspekta alikuwa anamuuliza muuguzi jambo, sauti yake ikipanda mwishoni mwa kila swali.

"Alitikisika," nikasema. "Mguu wa kushoto. Niliuona mwenyewe."

Daktari hakunibishia. Alizima skrini, na dada yangu akaanza kumuuliza ni lini mashine itakuwa na nafasi.