Vitufe vya Orville

Orville Friesen alianza kuuogopa mkono wake wa kushoto msimu wa kupukutika majani, siku kikombe cha kahawa kilipomchezea mkononi ofisini na wenzake wakacheka. Yeye pia alicheka. Kisha akautia mkono mfukoni kama anayetafuta funguo.

Alikuwa mchoraji katika ofisi ya wahandisi mjini Winnipeg. Wahandisi walipiga hesabu za maghala ya ngano na mapaa ya viwanja vya hoki, naye akachora kwenye kompyuta kila nguzo na kila tundu la bolti. Ni kazi ya mikono miwili. Wa kulia hushika mausi, wa kushoto hukaa juu ya kibodi, na kila kitufe ni amri: M husogeza, E hufuta, C hunakili. Mchoraji mzoefu hatazami vidole vyake, kama vile mlaji asivyotazama kijiko.

Lakini mkono ukitetemeka, kidole hubonyeza kisichotumwa. Orville alifuta ngazi nzima ya ghala bila kujua, akaja kuigundua kwa bahati tu. Hapo ndipo alipofungua ule ukurasa wa programu ambapo mtu huchagua kitufe gani kifanye nini. Amri ya kufuta akaiondoa kwenye E, akaipeleka juu kabisa, tena isitii mpaka vibonyezwe vitufe viwili pamoja. Vile vilivyo karibu na kidole cha mwisho akavinyamazisha vyote. Mkono ulipozidi, akapanga upya. Ulipozidi tena, akapanga tena. Hata mezani kwake nyumbani, vidole vya kushoto vilikuwa vikigonga gonga vikikariri mpango mpya. Mkewe, Verna, akimuuliza ana nini, alijibu amechoka. Kwa daktari hakwenda. Daktari angelipa jambo lile jina.

Baridi ilipokaza, msimamizi wao, Glenda Kowalchuk, akawatangazia kwamba mashine zote zingewekewa toleo jipya la programu mwisho wa juma, na vitufe vyote viwe sawa.

"Nataka yeyote aweze kukaa meza yoyote," alisema.

"Yangu iacheni ilivyo," Orville akasema.

"Yako ina nini?"

"Mazoea tu."

"Basi utazoea upya, bwana."

Jumamosi hiyo Orville hakutulia. Alizoa theluji mlangoni, akaingia, akavua viatu, akavivaa tena, akatoka kuzoa pale pale alipokwisha kuzoa. Verna akafungua dirisha kidogo. "Hiyo ardhi imekukosea nini?" Yeye akazidi kuzoa.

Jumatatu programu mpya iliukataa mpangilio wake aliokuwa ameuhifadhi. Kuupanga upya kungekula asubuhi nzima, na mchoro wa paa la uwanja wa hoki ulitakiwa mchana. Akaanza hivyo hivyo, mabega yamekakamaa. Meza ya pili alikuwepo Denise Carrière, mwanamke wa maneno mengi, mdogo kwake kwa miaka mingi.

"Orville," akasema Denise taratibu, "boriti yako imeondoka."

"Najua."

"Hujui, mzee wangu. Imeondoka na ndugu zake."

Orville akatazama. Upande mzima wa paa ulikuwa mtupu. "Angalia kazi yako," akamfokea, akatoka nje bila koti hadi kwenye maegesho, magari yalikochomekwa umeme ili injini zisigande. Alitembea kati ya magari huku na huku, hajui aende wapi.

Denise akamfuata na koti lake. "Vaa. Sina nguvu za kubeba maiti."

Akalivaa. Mkono wa kushoto ukalikosa tundu la kifungo, ukalikosa tena. Denise hakumsaidia, wala hakutazama pembeni.

"Ile wiki uliyougua mafua nilikaa kwenye mashine yako," akasema. "Nabonyeza E, kimya. Nikafungua ukurasa wa vitufe, nikaona ulivyovipanga. Nikajua huyu haviweki hivi kwa mazoea. Huyu anajikinga na mkono wake mwenyewe."

"Na ukanyamaza."

"Nilingoja useme. Labda nilikosea. Lakini chini ya lile paa watakaa watoto, Orville. Ukinyamaza na leo, nitakwenda kwa Glenda mimi."

Alimchukia kwa muda, pale kwenye baridi. Kisha akarudi ndani, akapita meza yake, akagonga kwa Glenda.

Glenda alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumpa pole. Alichouliza ni kama kuna michoro ya tangu siku ya kile kikombe iliyokwisha kwenda kiwandani. Swali hilo lilimuuma Orville kuliko pole yoyote, kwa sababu lilikuwa la haki. Yote ikakaguliwa upya. Kwenye mchoro mmoja wa ghala, ambao bado ulikuwa haujatoka, Denise alikuta njia ya kupitia watu juu ikikosa matundu ya bolti za ukingo wake. Alimwonyesha. Orville akayachora mwenyewe, polepole, kijasho kikimtoka.

Jioni ile ile alimwambia Verna, aliyekuwa akichemsha vareniki, vifurushi vya unga vyenye jibini ndani. Verna akazima jiko, akaketi.

"Nilidhani una mwanamke," akasema.

"Mimi?"

"Unagonga meza usiku kucha, hunitazami usoni. Ningedhani nini?" Akacheka, kisha akalia, kisha akamkaripia kwa miezi yote aliyomwacha peke yake na wasiwasi.

Daktari alisema ni ugonjwa wa Parkinson, ule unaotetemesha viungo. Dawa zilipunguza mtetemo, hazikuuondoa. Glenda alimrudishia ruhusa ya vitufe vyake, kwa sharti kwamba kila mchoro wake upite mbele ya macho ya Denise kabla haujatoka. Mwanzoni sharti lile lilimwasha kama upupu. Denise akikuta kosa humwita kwa sauti ya kusikika ofisi nzima, "Bwana Friesen, njoo uone ulichoniletea," naye huenda, akinung'unika.

Kila mwezi hivi, mkono ukibadilika, huufungua ule ukurasa na kuhamisha amri moja au mbili. Siku hizi humwomba Denise aketi kando yake, ajaribu kwanza.