Sekunde Mia na Kumi za Gofu

Lorna Vossberg aliitazama filamu hadi mwisho. Marcy Ellefson, meneja wa sasa wa kituo cha televisheni Namba Nane, alikuwa amemwita, kama mtumishi wa zamani, ahakiki tarehe katika filamu hiyo ya historia ya miaka hamsini ya kituo, itakayorushwa Jumamosi. Tarehe zote zilikuwa sahihi. Uongo ulikuwa kuhusu mtu.

Dwight Haukaas, meneja wa zamani, ndiye aliyeisimulia filamu. Kwa sauti yake nzito alieleza jinsi alivyokatiza fainali ya gofu, Juni 1976, akawaonya watu wa Bell Prairie kwamba kimbunga kinakuja. Mzee mwenyewe alikuwa ng'ambo ya meza, akila pai ya tufaha.

"Siku ile ulikuwa wapi, Dwight?" Lorna aliuliza.

"Kazini."

"Ulikuwa ziwani, unavua samaki."

"Haya, ameanza! Miaka ishirini na minane umeifuga nyongo hiyo, bibi. Haijakupasua tu?"

"Ingenipasua, ungejitangaza kuwa wewe ndiye daktari aliyenishona."

"Wazee wangu, tafadhali," Marcy alisema.

Ukweli ulikuwa mfupi. Jumapili ile Lorna alikuwa peke yake kwenye chumba cha mitambo. Kituo chao kilipokea vipindi vya mtandao mkubwa wa televisheni wa New York, na kipindi cha New York kikiwa hewani, kazi ya mtu wa swichi kama yeye ilikuwa kukiacha kipite. Polisi walipopiga simu kwamba kimbunga kimegusa ardhi maili kumi na mbili magharibi, alikata gofu kwa sekunde mia na kumi, akasoma onyo mwenyewe. Simu zikaanza kulia papo hapo. Hakuna aliyeuliza habari za kimbunga. Walimtukana kwa sababu mpira ulikuwa umebakiza hatua mbili kuingia shimo la mwisho. Dakika kumi na nne baadaye, Mtaa wa Reli haukubaki na paa hata moja. Watu wake walikuwa chini, kwenye vyumba vya chini ya ardhi, wazima. Kesho yake Haukaas alimfukuza kazi.

"Una ushahidi?" Haukaas aliuliza, akipangusa midomo. "Kanda ilifutwa, ikarekodiwa kipindi cha mapishi. Daftari la zamu lilitupwa. Limebaki neno langu na lako, na mimi ndiye niliyekuwa meneja."

Lorna alifungua mkoba. Kituo kikikatiza kipindi au tangazo la biashara la mtandao, meneja alilazimika kujaza fomu ya kujieleza: tarehe, dakika, tangazo lililopotea, na jina la mkosaji. Nakala ya kwanza ilikwenda New York, ya pili ikabaki ofisini, na ya tatu, ya rangi ya waridi, alipewa mkosaji. Ya ofisini ilikuwa imepotea. Ya waridi aliisukuma mezani.

Marcy aliisoma mara mbili. "Sahihi hii ni yako, Bwana Haukaas?"

"Kila meneja aliandika fomu kama hizo! Mlitaka tunyang'anywe vipindi vya mtandao?"

"Nimeuliza sahihi."

"Ni yangu."

Marcy alishusha pumzi. "Basi tutaikata sehemu ya kimbunga. Dakika nne tu, hakuna atakayejua."

"Hapana," Lorna alisema. "Hapo mtakuwa mmenifukuza mara ya pili. Sauti ya filamu ni yake. Aisome fomu."

"Sisomi upuuzi!"

"Usiposoma," Marcy alisema polepole, "nitamtafuta msimulizi mwingine wa filamu nzima. Miaka yako yote ishirini na moja ya umeneja itasemwa na sauti ya mtu mwingine."

Haukaas alimtazama, kisha akaisogeza sahani ya pai pembeni. Walimwashia kipaza sauti. Alisoma haraka, kama anayetema mbegu: "Matangazo yalikatizwa sekunde mia na kumi na mtumishi Lorna Vossberg, bila idhini yangu, kwa onyo la hali ya hewa lisilo la lazima. Mtumishi ameachishwa kazi. D. Haukaas, Meneja." Akakitupa kikaratasi. "Umeridhika sasa?"

"Bado," Lorna alisema. "Umeruka tarehe. Anza upya."